Neno Halikupatikana

Darasani tuko watu saba, pamoja nami,
maktaba ya Lochee, mjini Dundee, Jumanne saa moja jioni.
Kipasha joto kinakohoa. Nje mvua inanyesha kwa ubavu.
Mji huu zamani ulifuma magunia ya nusu ya dunia,
nami nimetoka Korogwe, kwenye katani,
basi tulijuana kwa kamba kabla ya kujuana kwa maneno.

Wanafunzi wangu hawabebi kamusi. Imo simuni,
inalala mfukoni na funguo na peremende,
ikiguswa kwa dole gumba inajibu kabla sijameza mate.
Ndiyo iliyomwambia Bi Morag kuwa mbuzi ni mnyama.
Akasoma: shemeji amekalia mbuzi, anakuna nazi,
akaniuliza kwa uchungu kama kwetu
hakuna sheria ya kulinda wanyama.

Fergus Mackie hakucheka.
Fundi wa boila, kucha zina masizi yasiyosikia sabuni,
daftari lake limejaa maneno aliyookota jikoni kwake
mkewe akiongea na dada yake kwa simu.
Hebu. Kumbe. Ndo hivyo.
Huyaandika anavyoyasikia, huyatafuta akiwa garini,
manne kati ya kumi huyapata.

Jumanne ile alinivizia mlangoni, akanionyesha kioo.
Alikuwa ameandika: nimemchoka.
Kamusi imejibu: neno halikupatikana.
Je, ulikusudia mchoko, mchokozi, mchoraji?

Ningeweza kumwambia pale pale.
Mwalimu mwoga hufundisha kanuni.
Nikasema: kamusi haipokei neno lililovaa.
Neno letu hutoka nyumbani na koti, skafu, kofia,
shurti ulivue kizingitini.
Vua *ni*, huyo ndiye msemaji.
Vua *me*, jambo limeshatokea na bado lipo.
Vua *m*.
Lilipobaki *choka*, tupu, likitetemeka,
kamusi ilifungua mlango mara moja.

Akasoma. Akasoma tena.
“Huyo *m*,” aliuliza, “ni mimi?”

Lugha yangu, ambayo huwa naisifu mbele ya wageni,
hapo ndipo nilipoiona ilivyo:
hiyo *m* haina jina, haina ndevu wala hereni.
Yaweza kuwa dada, au bosi wa zamu ya usiku, au paka,
au yule kikongwe wa ghorofa ya juu
anayegonga sakafu kwa bakora.
Yaweza kuwa wewe, Fergus.
Kamusi inajua choka ni nini. Haijui ni nani.
Una maneno elfu moja na mia mbili,
nimeyapima mwenyewe kwa mtihani wa Desemba,
na hakuna hata moja la kukuulizia.

Jumanne iliyofuata hakuja.
Nyingine theluji ilifunga barabara.

Aliporudi hakuligusa lile.
Ukurasa mpya, kalamu nene ya kutia alama mabomba:
Sikudhani.
Jina la mkewe. Miaka tisa analiita,
ngazini, dukani, gizani,
jina tu, kama Morag.
Kamusi ilimkatalia, akalivua mwenyewe,
si, ku, dhani,
akavipanga vipande mezani kama nati.
“Mwalimu, hili ni jina au ni sentensi?”
Yote mawili.
“Nani hakudhani? Hakudhani nini?”
Labda mama yake, alipokwisha kukata tamaa ya mtoto.
Labda. Mimi sikuwepo. Mwulize.

Akachukua koti, akavaa mkono mmoja, akausahau wa pili,
akatoka hivyo mvuani,
midomo ikilijaribu jina polepole
kama mtu anayeonja chai ya moto.

Nilibaki kuzima taa.
Simuni mwangu, tangu asubuhi,
kuna neno aliloniambia jirani tukipishana kwenye ngazi,
akitabasamu, au akinitukana.
Miaka kumi na miwili niko hapa.
Nimeliandika kwa tahajia tano, halikupatikana.
Nimejaribu kulivua.
Sijui koti ni lipi.