Tao la Saba

Nilitumwa kukagua paa kabla ya mvua za kwanza.
Nilikuwa na kamba ya futi mia, kalamu ya risasi,
daftari lililolowa ukungu wa Lugodamilo,
na Sista Anzelma mbele yangu, funguo zikigongana kiunoni.

"Hii ilikuwa nyumba ya bwana," akasema,
"kabla haijawa ya Mungu."

Bwana wa tumbaku, kutoka nchi ya marumaru,
alitaka kasri kama la babu wa babu yake:
ua wa mraba, kisima katikati,
matao tisa kila upande, sawa kwa sawa,
nguzo zilizovikwa vilemba vya majani ya mawe,
ngazi pana ya kuteremka kama mtu anayetazamwa.
Nani angemtazama?
Ng'ombe. Baridi. Vibarua.

Tumbaku ikaoza. Bwana akaondoka na piano yake,
watu kumi na wawili wakiibeba hadi kivuko cha Ruaha Mdogo.
Aliacha deni, na nyumba ikalipa.
Wakaja masista wanne na kengele moja.
Ukumbi wa dansi ukawa kanisa.
Ghala la mvinyo likajaa mahindi ya mbegu.
Juu ya mlango, kwenye ngao ya ukoo, simba na upanga,
wakapaka chokaa;
mvua ikizidi, simba hutokeza sikio.

Nikapima.
Tao la kwanza, futi nane na inchi mbili.
La pili, vilevile. La tatu, vilevile.
Nikaanza kupiga miayo.
La saba, futi sita na nusu.
Nikailaumu kamba. Nikapima tena.
La nane, futi tisa na inchi kumi:
alichonyimwa ndugu, kapewa ndugu.

Ramani ya zamani ninayo, mende wameila pembe.
Inasema tisa, sawa kwa sawa.
Nikaandika: *Fundi alikosea.*
Kisha nikafuta,
kwa sababu fundi alikuwa babu yangu.

Babu Mgongolwa, ambaye sikumkuta.
Bibi alisema alirudi jioni na vumbi jekundu masikioni,
akanywa ulanzi wake bila neno,
na mwaka ule wa nyumba ya bwana
alikatwa mshahara wa miezi miwili.
Kwa nini? Bibi alikuwa akipepeta uwele.
Aliendelea kupepeta.

Sista Anzelma akainama chini ya tao, taratibu, goti moja, la pili.
Nikadhani anasali. Alikuwa anafuta kigae kwa ncha ya kitambaa.
"Hapa hatumwagi maji ya moto," akasema.
"Mama Mkuu wa kwanza aliambiwa na mpishi,
nasi tukaambiwa na yeye.
Pale ramani ilipotaka nguzo, kuna mtoto.
Amelala tangu kabla ya bwana, kabla ya tumbaku.
Mafundi walichimba, wakamkuta, wakafukia.
Hawakumwambia mtu asiyejua kuomba radhi."

Kwa hiyo nguzo ilisogea.
Usiku, pengine, kwa taa ya chemli,
au mchana kweupe, bwana akiwa mjini kutafuta misumari.
Tao likabanwa, likachongoka kidogo juu,
kama mtu aliyevuta pumzi
ili mwingine apite.

Futi moja na inchi nane.
Nikaweka kiwiko changu ukutani, nikanyoosha vidole.
Dhiraa yangu haikufika;
ilibaki upana wa vidole viwili.
Babu, basi, alikuwa na mikono mirefu.
Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Fomu ya jimbo ina mstari mmoja wa kasoro.
Nikajaza: vigae arobaini na viwili vimepasuka.
Boriti moja ya mninga imeliwa na mchwa.
Bomba la kaskazini limeziba kwa viota.
Tao la saba
lisiguswe.