Aliyelala Kwenye Malimau

Feri ya Pireo ilitutema Jumanne asubuhi,
katikati ya Mei, joto halijaota meno.
Argiris mkononi ana karatasi:
magofu kumi na moja, siku sita,
kila gofu na saa yake, kama dawa za hospitali.

La kwanza tuliliona tukiwa bado melini:
mlango wa hekalu, mlango mtupu,
hauna ukuta, hauna paa, hauna mungu,
na bahari inapita humo bila kubisha hodi.
"Moja," akasema Argiris, akatia alama.

Anezina, mwenye nyumba, alitupokea
magoti yamejaa udongo.
Akatupa ufunguo na sahani ya jibini linalotoa jasho,
akarudi kwenye mifereji yake
asituulize tumetoka wapi.
Mumewe, Iakovos, ndiye aliyeuliza,
tena mara tatu, kwani sikio lake moja
lilibaki kwenye chumba cha injini, meli gani hakumbuki.

Siku ya pili tuliamka saa nne.
Magofu yakasubiri.
Yamezoea.

Tulikula cheri kwenye ngazi za kanisa dogo,
kokwa tukizitemea ndani ya kofia,
mbayuwayu wakishona anga, wakifumua, wakishona tena palepale,
na Paros kule ng'ambo
kama shuka mtu aliyoisahau kwenye kamba.
"Kesho tutafidia," akasema Argiris.
Mjusi juu ya jiwe akamtazama
kama karani amtazamavyo mwenye fomu isiyo na muhuri.

Siku ya tatu Anezina alitupa jembe.
Jembe hasa, la mpini uliong'aa kwa viganja.
"Zamu yetu ya maji ni saa tano.
Fungueni mfereji wa malimau.
Angalieni tu mguu wake."

Mguu wa nani?

Yupo pale, chali, nyasi zimemfika mbavuni,
kijana wa marumaru, urefu wa watu watatu na nusu.
Uso wake haujaandikwa macho.
Walimchonga mlimani, ashuke bondeni,
asimame mahali pa heshima, atazamwe.
Njiani mguu ukavunjika.
Mafundi wakatazamana.
Mmoja, nadhani, alitukana;
mwingine akakaa kivulini, akafungua mkate.
Karne ishirini na sita,
na bado ni saa ya chakula cha mchana.

Kwenye karatasi yetu alikuwa namba saba,
dakika ishirini.

Nikafungua mfereji.
Maji yakaja yakinusa njia kama mbwa mgeni,
yakazunguka kisigino cha jiwe,
yakaingia kwenye malimau bila kelele.
Iakovos akaja na birika la kahawa,
akaketi juu ya ndoo.

"Wageni humpiga picha, wakamhurumia.
Maskini, eti hakufika.
Mimi nimefika Santosi, nimefika Busan,
nimefika pahali ambapo jua huzama saa nane mchana,
kisha nikarudi kulala hapa,
hatua ishirini kutoka kwake.
Hebu niambieni,
kati yetu nani aliyepoteza nauli?"

Hakungoja jibu; pengine
alijua angelazimika kuuliza mara tatu.

Argiris alivua viatu.
Akalala kwenye nyasi ubavuni mwa yule kijana,
nyayo kwa nyayo, ajipime.
Utosi wake ulifika kwenye goti.
Akacheka, akanyamaza, akakoroma.
Nilimfunika uso kwa kofia
bila kukumbuka kokwa zilizokuwa ndani.

Jioni ile meza ya Anezina iliyumba,
supu ikamwagikia mkate.
Argiris alikunja karatasi mara nne,
akainama, akaitia chini ya mguu mfupi.
Meza ikatulia. Tukala.

Magofu tisa hatukuyaona.
Nasikia ni mazuri.