Kifuko cha Saba

Nabintu, vitabu vyako vitatu hivi hapa.
Kile kinene kilinichosha:
mwanamume analia kurasa arobaini
kwa sababu ya barua ambayo hajaifungua.
Ifungue basi, baba! nikapaza sauti,
mama akauliza nagombana na nani usiku huu.

Cha pili ni cha vijana. Nililidharau jalada,
kisha nikasoma mpaka nta ikanidondokea kidoleni.
Yule msichana anayemficha nduguye ndani ya pipa!
Sikulala. Asubuhi, kwenye mteremko wa Kadutu,
kila pipa la maji nililipita polepole.

Cha tatu ndicho kesi yetu.
Kinakatikia ukurasa wa mia mbili na kumi:
mlango unagongwa, Faida anainuka,
halafu uzi mtupu.
Kaka yako Cirhuza amekiri.
Aliziuza zilizobaki kwa mama wa karanga, Nyawera,
naye alilipwa kwa karanga.

Nilikwenda na mvua yote ile.
Nilinunua kifuko, nikakikunjua, nikanunua kingine:
hesabu za shule, tangazo la kanisa,
risiti ya saruji,
tumbo likaanza kulalamika.
Cha saba: mia mbili na kumi na moja!
Mlango umefunguliwa, mtu ameingia,
na jina lake liko chini ya doa la mafuta.

Mimi nimemwingiza baba yake,
viatu mkononi, asichafue sakafu.
Ukipata nakala nzima,
tafadhali, usinionyeshe.