Hasi Tatu Nukta Moja

Karatasi tumeikunja mara nne,
tukaitia kwenye mfuko wa sukari isilowe,
maana Tukuyu haisubiri mtu ashuke garini ndipo inyeshe.

Jikoni, bibi Tupokigwe anavua viatu kwa mkono mmoja;
ule wa kushoto bado haujasahau plasta.
"Haya, nisomee. Nisomee mimi, si ukuta."

Mgongo: hasi tatu nukta moja.
Nyonga: hasi mbili nukta nne.

Nimefundisha hesabu kidato cha pili miaka tisa.
Nimechora mstari wa namba hadi chaki ikaniingia puani,
sifuri katikati, hasi kushoto,
na leo sijui nimjibu nini mwanamke anayeuliza:
"Mtu anawezaje kuwa na mfupa
chini ya hakuna?"

Si chini ya hakuna, bibi.
Mashine imekulinganisha na msichana wa miaka thelathini
ambaye mifupa yake imekomaa na haijaanza kupungua.
Yeye ndiye sifuri.
Wewe umesimama hatua tatu na kidogo nyuma yake.

Anageuza ndizi kwenye majivu.
"Huyo msichana, alichuma chai wapi?"

Hakuchuma popote. Ni wastani tu.

"Basi hatujuani.
Mimi nikiwa na thelathini
nilikuwa na kapu mgongoni na mama yako tumboni,
na karani wa mizani akiandika kilo zangu,
kisha akikata mbili. Za maji, alisema, majani yameloa.
Kila siku mbili. Hata kiangazi."
Ananitazama.
"Hiyo ndiyo hasi?"

Ndiyo, bibi. Hiyo ndiyo.
Miaka tisa na chaki, sikuwahi kuipata hiyo.

Kuna namba nyingine, ya rika lake: hasi sifuri nukta nane.
Inampanga na wanawake wa miaka sabini na minane.
"Rika langu?" Anafungua vidole.
Tusekile, amelala nyuma ya migomba yake.
Mama Ambwene, hajaamka kitandani tangu aanguke kisimani.
"Hao waliwapima lini?"
Nami naogopa kumwambia
kwamba rika la kwenye karatasi halina majina.

Picha ya eksirei nimeinua dirishani.
Pingili zimepangana kama matofali mabichi,
moja imebonyea mbele,
kama tofali lililokanyagwa na mbuzi kabla halijakauka.
Kumbe ndiyo maana kitenge kinaburuza matope.
Ndiyo maana kopo la chumvi lilihamia rafu ya chini,
nasi tukasema uzee, tukacheka.

Na damu? Damu iko sawa, chokaa ya kutosha.
Hapo nilimuuliza Daktari Luvanda mara mbili:
damu ikiwa nayo, mfupa umekosaje?
Akasema damu haikubali kupungukiwa;
ikikosa, inabisha hodi kwenye mifupa,
na mifupa haijui kukataa.
"Mkopaji," anasema bibi. "Kama babu yako.
Mfukoni hela haikosi, nyumbani debe la mahindi halionekani."

Kidonge ni kimoja, kila Jumamosi alfajiri,
na maji bilauri nzima,
kisha kukaa wima nusu saa, bila kuinama, bila chai.
"Bila chai," anarudia,
kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nimeondoa gunia la mlangoni linaloteleza.
Kesho nitasimika mianzi ya kushikia, njia ya chooni.
Naanza kukunja karatasi.

"Ngoja. Pale chini kabisa, palipoandikwa kwa kalamu?"

Kipimo kingine baada ya miaka miwili.

"Miaka miwili."
Anapangusa majivu kwenye ndizi, ananikatia nusu kubwa.
"Daktari kaandika mwenyewe? Kwa mkono wake?"

Kwa mkono wake.

"Ndaga," anaiambia karatasi.
"Basi iweke mahali pakavu."