Ufunguo wa Pili

Sefu ya benki yetu pale Makambako
ilikuwa na funguo mbili: mmoja wake, mmoja wangu.
Miaka kumi na mitatu, saa moja na nusu asubuhi,
tulisimama bega kwa bega mbele ya chuma
kama watu wanaofungishwa ndoa kila siku.
"Haya, Tusekile," angesema,
nasi tukazungusha.

Obadia Nyagawa. Meneja.
Sweta ya kijivu, kiwiko kimeliwa na meza.
Maombi ya mkopo aliyasoma na penseli mkononi;
wino aliutunzia ndiyo.

Upepo wa Makambako haubishi hodi.
Unaingia na vumbi la Wanging'ombe,
unapekua karatasi kaunta,
unajua nani anadaiwa.

Hakukopesha akiwa amekaa.
Alichomeka suruali kwenye soksi, akapanda baiskeli
hadi Lyamkena, hadi Mahongole,
akafukua udongo kwa kidole, akaunusa,
akauliza: nani hupalilia hapa?
Mke akiwahi kujibu kabla ya mume,
aliandika kitu.

Festo Mgaya alimnyima lori la pili.
"La kwanza bado halijashiba," alimwambia.
Mgaya akatema mate mlangoni,
mlinzi akapangusa.
Miezi minne hawakusalimiana,
na kila Jumapili walisimama pamoja kwenye besi,
kitabu kimoja cha nyimbo,
kila mmoja ameshika upande wake.

Mwaka wa sakitu viazi viliungua kwa usiku mmoja,
mashamba yakaamka meusi
kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.
Kanda wakaleta orodha: uzeni mabati, uzeni ng'ombe.
Akapanda basi la alfajiri kwenda Iringa,
akakaa siku mbili kwenye benchi la watu,
akarudi na kikohozi
na misimu miwili ya kusubiri.
Hakutangaza.
Barua niliiona mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipiga chapa.

Misibani hakukosa.
Watu walinong'ona: kaja kuhesabu wadaiwa wake.
Huenda.
Lakini alikuja na jembe lake,
na alishuka kaburini kuchimba zamu yake na viatu vya ofisi.
Binadamu huhesabu na hulia kwa macho yale yale.

Alipostaafu, tulidhani atarudi kwao Uwemba.
Alibaki.
Mwisho wa mwezi akapanga foleni ya pensheni
nyuma ya mama mwenye gunia la alizeti.
Kijana mpya dirishani hakuinua uso:
"Mzee, kitambulisho."
Nikainuka nimkaripie.
Akanizuia kwa kidole,
akakitoa, akakikabidhi kwa mikono miwili.
Baadaye, nje, akaniambia,
"Yule atafaa. Hamjui mtu."

Tulimzika Juni, baridi ikiuma masikio.
Mgaya alileta lori lake, lile lile moja,
likabeba viti, sufuria, wanakwaya.
Hakusema neno. Alifuta vumbi bodi ya nyuma
kwa mkono wa koti lake.

Siku ya tatu mkewe alinipa daftari.
Nililifungua kwa woga, nikitafuta majina na deni.
Ilikuwa mvua.
Tarehe na kipimo, kwa penseli, miaka ishirini na sita,
mistari imenyooka kama matuta.
Ukurasa wa mwisho:
Hakuna. Upepo tu.

Ufunguo wangu walisahau kuudai.
Uko jikoni, kwenye kopo la majani ya chai.
Sefu mpya inafunguka kwa tarakimu,
na mtu mmoja anaitosha.