Chumba Namba Saba

Sikuiba. Naanza na hilo,
maana kwenye gesti za Majengo maneno humtangulia mtu.
Niliingia kubadili shuka chumba namba saba
nikakuta kitanda kimeshatandikwa,
pembe zimekunjwa kama bahasha ya serikali,
na juu yake taulo letu, lile lenye tundu la pasi,
limesokotwa likawa ndege.
Ndege kabisa. Ana shingo, ana mkia, ananitazama.

Chini ya mto: elfu ishirini.

Mwaka jana Sekela alifukuzwa kwa elfu tano ya mgeni
ambayo baadaye mgeni aliikuta kwenye soksi yake.
Hakuna aliyemfuata Sekela Mkonze kumwambia.
Basi mimi zile noti sikuzihesabu mara ya pili,
nilizishika kwa ncha za vidole, kama kifaranga wa jirani,
nikapanda bodaboda kwa deni hadi stendi ya Nanenane.

Upepo wa Agosti ulikuwa kazini,
vumbi limeingia hadi kwenye chai za watu.
Nikamwona dirishani, basi la Kondoa, injini inanguruma,
yule mgeni aliyeniamkia "mbukwa" kila asubuhi
kwa lafudhi iliyokaa sana kwenye chumvi.
"Kaka Ndahani! Umesahau hela yako!"
Abiria wote wakajipapasa mifuko.

"Sijasahau, dada," akasema. "Nimeacha."

Nimeacha. Neno hilo nalijua kwa mume,
sikulijua kwa hela.

Akanieleza harakaharaka, kondakta akigonga bodi:
miaka sita kwenye meli kubwa kuliko soko letu,
vyumba kumi na vinne asubuhi, kumi na vinne jioni,
shuka, taulo, ndege, tembo,
nyani wa kuning'inizwa kwenye henga.
"Usiku wa mwisho wa safari ndiyo ilikuwa mvua yetu.
Nami Mgogo, kutazama mawingu nimezaliwa nako:
bahasha niliijua kabla sijaifungua.
Wapo walioacha noti.
Bibi mmoja aliniachia sweta,
alilifuma humohumo melini siku kumi na mbili
akinipima mabega kwa macho.
Wapo walioacha 'Mungu akubariki' kwa mwandiko mzuri.
Na wapo walioenda kula ghorofa nyingine usiku huo
wasikutane na macho ya aliyewahudumia."

Akanyamaza kidogo.
"Hao nao niliwatandikia."

Nikamwuliza, sasa mimi nimefanya nini?
Hata kitanda umetandika mwenyewe.
Akagusa kifua cha shati: kifungo cha pili,
cheusi katikati ya vyeupe.
Nilikishona juzi nikingoja pasi ipate moto,
nilikitoa kwenye gauni langu la msiba.
Sikudhani kuna mtu anahesabu vifungo.

Basi likaondoka na jibu langu.

Elfu moja na mia tano, bodaboda.
Elfu tano kwa Lechipya,
maana maji ya kuoga ya mgeni alichemsha yeye, saa kumi alfajiri,
na mlinzi hana mto wa kuachiwa kitu chini yake.
Akaipokea kwa mikono miwili, akaimulika kwa tochi,
akauliza ni ya kazi gani.
Elfu tano nyingine nimeitia kwenye bahasha. Ni ya Sekela.
Sijui nitaanzia wapi kumwambia.
Mkonze si mbali,
ila miguu nayo ina aibu yake.

Ndege nimemweka juu ya kabati la mashuka.
Mwenye gesti ameuliza mara mbili
taulo la namba saba liko wapi.
Nami jana usiku nilijaribu la namba nne.
Shingo ilikataa.
Limetoka kuku wa Singida aliyenyeshewa.
Nikamwacha hivyohivyo kitandani;
mgeni ni dereva wa lori, amechoka,
atajua mwenyewe ni mnyama gani.