Anza Katikati

Huyu ndege hana sauti ya kuimbia.
Ana mkwaruzo: kitana kinachoburuzwa
kwenye ukingo wa kiberiti, mara mbili, kisha tena mara mbili,
tangu saa nne za usiku hadi ng'ombe waamke.
Wataalamu walipomtafutia jina la Kilatini
walichoka kufikiri, wakaandika alichosema mwenyewe:
Crex crex.
Waestonia humwita rukkirääk,
na kulitamka ni sawa na kusafisha koo.

Vilve Kuusberg amemsikiliza kwa miaka kumi na saba.
Kumwona, amemwona mara sita,
na mara mbili kati ya hizo alikuwa amekufa.
Ndivyo ilivyo kazi hii: unampenda mtu aliye nyuma ya pazia,
unamhesabu kwa sikio,
unachora msalaba mdogo kwenye ramani iliyoloa umande
na kuandika: dume mmoja, mashariki ya mfereji, saa saba na robo.

Bondeni mwa mto Kasari, mwezi wa Juni,
usiku hauingii; unabisha hodi tu, kisha unaondoka.
Mbu hawana habari na sayansi.

Daftari la kijani: misalaba kumi na mmoja.
Daftari la buluu: minne.
Lililofuata lina kurasa nyingi safi.

Anajua kwamba baridi ikikaribia ndege hushika njia ya kusini,
kusini kabisa, hadi kwenye nyasi ndefu za Afrika,
na kwamba huko huwa bubu.
Huenda wewe unayesoma amewahi kukupita miguuni
bila hata salamu.

Alikwenda kwa Heldur Pihlak, mwenye nyasi na trekta.
Alimchorea mezani, kwa kidole, katika chumvi iliyomwagika:
"Ukianza pembeni ukazunguka kuingia ndani, unawasukuma.
Mama na vifaranga hawaruki, wanakimbia,
na penye uwazi hawathubutu. Wanarudi nyuma, wanarudi,
hadi kinabaki kisiwa cha nyasi chenye upana wa chumba,
nawe unakifyeka pia.
Anza katikati. Nenda polepole. Waachie ukingo."
Heldur aliitazama chumvi.
"Baba alianza pembeni. Na huyo mdudu wako
ameninyima usingizi tangu nibatizwe."
Akaikusanya kwa kiganja, akairudisha kikoponi.

Mwaka huo hakusikika kitu. Wala uliofuata.

Wa tatu, Vilve alileta spika ndogo kama kopo la samaki.
Ni njia inayokubalika: unapiga sauti ya dume mgeni
ili dume mwenyeji, kama yupo, aje kwa wivu.
Aliitega kwenye tope saa nane kasoro robo. Akabonyeza.
Akazima. Akasikiliza dakika tatu. Akabonyeza.

Kule juu mlango ukagonga ukuta.
Heldur alishuka mbio, buti bila soksi,
vifungo vya shati vimekosana na matundu,
mzee wa miaka sabini na moja, akipiga kelele kwa kunong'ona:
"Amerudi! Umemsikia? Amerudi, mshenzi yule!"

Hakuna fomu yenye safu ya jambo hili.
Vilve angeweza kunyamaza; spika ilikuwa imejificha majanini.
Aliinama, akaiokota, akamtia mkononi.
Kitaa chake chekundu kilikuwa kikipepesa.

Heldur aliigeuza huku na huku
kama anayetafuta mdomo wake ulipo.
Mbu walimla shingoni. Hakuwafukuza.
"Icheze tena," alisema.

Tarehe nne Agosti trekta lilipasua njia
hadi kitovu cha nyasi, likasimama, likakohoa,
kisha likaanza kuzunguka kuelekea nje.
Ilichukua siku mbili zaidi, na dizeli ya kulalamikia.
Vilve alisimama ukingoni, penye utepe ulioachwa.
Akatoka sungura. Akatoka chura. Basi.
Kwenye daftari aliandika: sifuri.
Halafu pembeni, kwa penseli, mahali pasipojumlishwa:
Heldur, katikati.